Lemuel Hajaambiwa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mwita ameleta gari la maiti nyumbani.

Sisemi limefanana na gari la maiti. Ni lenyewe. Jeusi, refu, mapazia ya zambarau yaliyofifia madirishani. Limekuja limebebwa juu ya lori, kamba kila upande, kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Majirani wote wamesimama madirishani. Yule mzee wa ng'ambo ya barabara alivua kofia. Yeye ana adabu. Mwanangu hana.

Nikamuuliza, umefiwa na nani? Akacheka. Anasema ni gari la miaka ya sitini, lilikuwa limelala bandani huko kusini mwa Maryland, kwa watu waliokuwa na kazi ya mazishi. Wenyewe wamekufa, wajukuu wameuza. Yeye atalibadilisha. Kuna mtu wa Annandale anataka lifanane na gari la sinema moja ya zamani, ya watu wanaokimbizana na mizimu. Litapakwa nyeupe na nyekundu. Paa litakatwa, liwekwe ngazi na mabomba na king'ora. Siku za sherehe watoto watapigia picha.

Nikamwambia, hujui ni wangapi wamelala humo. Akasema, Mama, hicho ni chuma tu.

Na jeneza la baba yako lilikuwa mbao tu, nikamjibu. Akaingia ndani kula.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba. Mimi chumba changu kiko huku chini, dirisha linatazama huko huko. Basi nalitazama. Nalo linanitazama.

Jumatano, 8 Oktoba

Cyriaque ameanza kazi ya lile gari jana. Ni mtu wa Uvira, Kongo, fundi wa bodi, kugonga na kuchomelea. Ananiita Maman. Namfokea sawasawa na Mwita na anafurahi, maana hana wa kumfokea huku Marekani. Leo nimempelekea uji wa ulezi. Akanionyesha sakafu ya lile gari.

Kuna ubao wenye vigurudumu vya kutelezeshea jeneza. Ukiubinua, vigurudumu vinaingia chini, juu panabaki laini, pa kuweka machela. Kumbe zamani huko mashambani wenye kazi ya mazishi ndio hao hao waliokuwa na ambulensi. Gari moja kwa kazi zote mbili. Asubuhi linamkimbiza mgonjwa, jioni linamzika mwingine. Unabinua ubao, unabandika taa nyekundu juu ya paa — ambulensi. Unashusha taa, unafunga pazia — gari la maiti.

Cyriaque akapiga ubao kwa kiganja. Upande huu weye muzima, akasema, upande huu weye mufu. Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Kuna na kiti kidogo cha kukunja, kando, cha mtu wa kukaa na mgonjwa. Anasema jana kabla ya kufunga alikikunja. Leo amekikuta kimeshuka. Nikamwambia skrubu zimechoka.

Sikuyaamini maneno yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mtu wa Annandale kaja na watoto wake. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Mnene, mcheshi, kaleta donati boksi zima, kanisalimia kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa. Mtoto wake mdogo, hana meno ya mbele, akapanda ndani akalala pale pale pa jeneza. Akafumba macho, mikono kifuani, akatoa ulimi. Wote wakacheka. Mimi nikamshika kwapani nikamtoa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, no sleep here. Akanitii. Watoto wananitii kwa lugha yoyote.

Baba yake akasema, Mwita akanifasiria, kwamba gari hili lilikuwa linaoza chini ya mavi ya kuku na hakuna aliyelitaka. Yeye atalirudishia uhai. Watoto watalipenda.

Si maneno ya kipumbavu hayo. Nimeyatafuna tangu mchana.

Ila asubuhi kioo cha nyuma kilikuwa na ukungu. Magari mengine mawili mle karakanani — makavu kabisa. Ukungu mdogo, mviringo, usawa wa mtu aliyelala akageuza uso dirishani. Nikaufuta kwa kanga. Haukufutika. Ulikuwa kwa ndani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Aibu ya leo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Na nimecheka mpaka mbavu zinauma. Vyote viwili.

Ilikuwa sendofu ya binti wa dada yake Flaviana, ukumbi ule wa Rockville. Sisi tulipangiwa kupika pilau na nyama. Masufuria yale makubwa. Pikapu ya Mwita ikagoma kuwaka. Muda unakwenda, Flaviana anapiga simu, na Flaviana ni mwenyekiti wa kamati, akipiga simu mara mbili ujue ya tatu ni matusi. Basi mwanangu, bila kuniuliza, akayapakia masufuria kwenye gari la maiti. Juu ya ule ubao wa vigurudumu! Yanateleza vizuri, Mama, ananiambia.

Tumefika. Mashangazi wamejipanga mlangoni na kanga zao za sare, vigelegele tayari mdomoni. Mwita akafungua mlango wa nyuma. Sufuria la pilau likateleza likatoka lenyewe, polepole, kwa heshima zote.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Flaviana akalizunguka gari zima. Akarudi akashika kiuno. "Mwita, baba. Hayo masufuria tunayala au tunayazika?"

Shangazi mmoja aliyetoka Dar juzi aliomba kiti. Mama mkwe mtarajiwa akasema yeye leo amefunga. Wale wanafunzi wa College Park walikula sahani mbilimbili, hawajali, njaa haina matanga. Mwisho watu wote wakala, wakacheka, bibi harusi mwenyewe akapiga picha na gari. Lakini habari itafika Tarime kabla yangu.

Sasa niandike lililonikera. Wakati wa kurudi, mbele kulikuwa na Mwita na mkewe Edna na sahani za kukodi. Mimi nikakaa nyuma, kwenye kile kiti kidogo, na masufuria matupu. Kuna kidaraja pale karibu na nyumbani, kijito tu, hata jina silijui. Tulipokikanyaga mdomo wangu ukasema wenyewe, Tunavuka.

Nilikuwa namwambia nani?

Kwetu, mtu akifia mbali, anayemleta nyumbani anakaa naye huko nyuma anamwambia njia. Sasa tunatoka mjini. Sasa tunapita njia panda. Sasa huu ni mto, tunavuka. Usipomwambia anabaki pale mlipomnyamazia. Baba Mwita nilimtoa Mwanza mimi mwenyewe, nyuma ya pikapu, nikaongea hadi koo likakauka. Daraja la Kirumi nikampigia jeneza, nikamwambia, mume wangu, huu ni Mara, amka uvuke. Akavuka. Najua alivuka, kwa sababu hajanisumbua hata siku moja, na alipokuwa hai alinisumbua kila siku.

Lakini mle garini leo kulikuwa na masufuria tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa nimemkuta mjukuu wangu Violet amekaa ndani ya lile gari, kwenye kiti kile, na simu yake. Ana miaka kumi na mitano, Kiswahili anakisikia chote, anajibu Kiingereza. Kwa nini hapa? Anasema hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemuuliza habari za masomo.

Nikashusha pumzi. Kumbe ni huyu anayekishusha kiti! Nikamwita kila jina, nikamkumbatia. Kisha nikamuuliza ameanza lini kuja hapa.

Jana, akasema.

Cyriaque alikikuta kimeshuka Jumatano. Sikumwambia mtoto.

Jumanne, 14 Oktoba

Edna amerudi na jambo kutoka kazini.

Edna anamtunza mama mmoja mzee nyumbani kwake, Bi Odessa, mtu mweusi wa hapa hapa Maryland, kizazi na kizazi. Jana yule mama alikuwa mnyonge, basi Edna akampa kisa cha pilau ili acheke. Akacheka sana. Akaomba aone picha ya gari. Edna akamwonyesha kwenye simu. Akasema aikuze pale dirisha la nyuma, penye kibati chenye jina la ukoo wa wale watu wa mazishi. Edna akaikuza.

Akaigeuza simu, akailaza mapajani kifudifudi. Hakula tena. Leo pia hakula. Edna alipokuwa anavaa koti aondoke ndipo akauliza, kile kiti kidogo bado kipo?

Tulikuwa mezani. Hata Mwita aliacha kutafuna.

Nikasema aletwe. Mwita akasema, Mama, Jumatatu Cyriaque anakata paa, mimi sitaki watu wa kulialia hapa. Nikamwambia nyumba ni yako, banda ni lako, ila mgeni wangu ni wangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo kaja mwingine, wa College Park. Ni wa chama cha watu wanaotunza magari ya maiti na ambulensi za kale. Kasikia sijui wapi. Mikononi kavaa glavu nyeupe. Akalipapasa gari kama anapapasa farasi mgonjwa. Aliposikia habari ya ngazi na mabomba ikabidi akae kwenye ndoo. Anasema hilo ni sawa na kuua. Yeye angeliacha kama lilivyo — rangi iliyopasuka ibaki, mapazia yabaki, hata harufu ibaki. Aliweke ndani, penye hewa kavu, lizungushiwe kamba. Lisiendeshwe. Lisiguswe.

Mwita kamsikiliza kwa adabu. Akamjibu kwamba neno lake kashampa mtu wa Annandale.

Nikamtuma Violet amuulize swali langu. Je, anajua ni nani waliobebwa humu? Akasema anajua mwaka, kiwanda, injini, hata nani alishona viti. Watu? Akatikisa kichwa. Akanipa kijitabu cha chama chao. Mimi shule sikukanyaga, kusoma nilijifunzia kwenye kitabu cha nyimbo kanisani nikifuata mdomo wa aliyekaa mbele yangu, na Kiingereza hakikuwemo. Nikatazama picha. Magari mazuri. Hamna mtu hata mmoja.

Chai akaikataa. Aliogopa atamwaga.

Basi nawaona hawa wawili. Wa kwanza anataka kumvalisha maiti nguo za ngoma. Wa pili anataka kumkausha amweke sebuleni. Na wote wawili ni watu wema! Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama amefika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bi Odessa amekuja.

Mrefu, fimbo, koti la kanisani katikati ya wiki, lipstiki. Edna kamshika mkono mpaka karakanani. Alipoliona hakulia. Alisema, kumbe ni dogo. Violet akawa ananifasiria, na mtoto alikuwa anafanya vizuri, taratibu, bila simu.

Akaomba aingie. Mwita alikuwa anasafisha mikono kwa tambara kwenye kona, anajifanya hayupo. Ndiye aliyemwinua. Akakaa kwenye kile kiti. Magoti yakamgusa ubao. Akasema, siku ile magoti yangu hayakufika hapa.

Alikuwa msichana mdogo. Wa kumfuata alikuwa mdogo wake wa kiume, Lemuel. Lem. Tumbo lilimkata shambani, akajikunja kama jani. Hospitali ya karibu wakati ule haikupokea weusi, kwa hiyo ilibidi kwenda hadi mjini, Washington. Baba yao akakimbilia kwa jirani mwenye simu, wakaita gari la mazishi, maana ndilo lililokuwa ambulensi yao. Likaja na taa nyekundu juu ya paa, linalia. Mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, baba hakuwa na nafasi ya kuacha ng'ombe wa watu. Ndipo akapandishwa yeye. Dereva akamwambia, mshike mkono mdogo wako, usiuachie, mwambie karibu tunafika.

Akafanya hivyo. Karibu tunafika, Lem. Karibu tunafika.

Wakafika kwenye daraja. Dereva akatazama nyuma kwenye kioo chake. Akasimamisha gari kando. Akashuka. Akapanda juu, akafungua ile taa, akaishusha akaiweka kwenye kiti cha mbele. Akavuta mapazia, moja, moja. Hakusema neno. Akageuza gari. Wakarudi polepole.

"Sikuuachia mkono," Bi Odessa akasema. "Nikaendelea kumwambia karibu tunafika. Sikujua la kusema lingine."

Mama yao alikuwa amesimama getini. Aliona paa. Paa tupu. Akaanza kulia kabla gari halijaingia.

Violet alikuwa ameacha kufasiri sentensi mbili nyuma, nimeelewa mwenyewe kwa mikono ya yule mama.

Kisha nikamuuliza. Mimi sijui kuzungusha. Je, kuna mtu yeyote aliyemwambia Lemuel kwamba amekufa?

Violet hakutaka kulisema. Nikamkazia macho. Akalisema.

Bi Odessa akanitazama muda mrefu. Akasema hapana. Kanisani walimwombea. Kaburini wakamwimbia. Lakini yeye mwenyewe, kumwambia — hapana. Alipanda humu akiwa mgonjwa anayepelekwa hospitali. Akaambiwa anakaribia kufika.

Basi yumo, nikasema. Anangoja.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua tangu zamani. Akasema paa lisikatwe kwanza. Hakuomba lisikatwe kabisa. Aliomba lisikatwe kwanza. Amfikishe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tumegombana, mimi na Mwita. Sauti zimefika barabarani.

Anasema nimemgeuza kichekesho. Kwanza pilau, sasa mizimu. Anasema mtu wa Annandale ameshatangaza kila mahali kwamba gari litakuwa tayari kwa sherehe ya mwisho wa mwezi. Watoto wanangoja. Anasema ametoka kwao mikono mitupu, hapa hana baba wala mjomba wa kumtetea, ana jina tu, na jina lake ni kwamba akisema anafanya. Hilo nililielewa. Nilimzaa mimi.

Ikawa ni Cyriaque aliyekata maneno. Amekuja kuchukua mashine yake ya kukatia. Si kukata. Kuichukua aende nayo kwake.

"Patron, lundi sikuje," akamwambia Mwita; lundi yake ndiyo Jumatatu yetu. "Maman yangu alibaki mu njia, kule Kamanyola. Tulikuwa tunakimbia. Hakuna mwenye alimuambia kitu. Hii motokari, minakuomba, tafuta mwingine wa kuikata."

Miaka yote namjua Cyriaque. Mama yake sikuwahi kuambiwa. Nikamshika kichwa nikakibana kifuani, mtu mzima yule, na mashine yake mkononi.

Mwita akaketi kwenye ile ndoo. Kisha akasema, safari moja. Kesho. Tunaanzia kwenye lile daraja, tunafika hospitali, yule mama anamwambia anachotaka kumwambia, tunampeleka makaburini kwa mama yake, tunarudi. Jumatatu paa linakatwa. Kama si Cyriaque, kuna fundi mwingine Annandale.

Nikakubali. Ni haki. Nikamkaangia samaki.

Hospitali yenyewe haipo tena. Edna ameuliza. Ilibomolewa zamani, wamejenga nyumba za kupanga. Nikasema haidhuru. Mahali hapabomoki.

Violet atamfundisha Bi Odessa maneno. Nimeyatunga mimi, yeye ayaseme kwa Kiingereza chake. Mafupi. Lemuel, ulikufa darajani. Hukufanya kosa. Tumekuleta ulikokuwa unakwenda. Sasa tunakupeleka kwa mama.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika ndani ya gari, mwandiko unaruka. Siwezi kungoja nyumbani, yatanitoka kichwani.

Asubuhi Mwita aliliosha. Sikumwambia. Akalipiga brashi hadi vikombe vya magurudumu. Akabinua ubao, upande laini juu, akatandika blanketi safi. Nikamwona akiweka mto. Kisha akautazama ule mto, kama hajui nani kauweka.

Taa ya paa haipo, ilipotea na wenyewe. Mwita alinunua nyingine ya betri, ndogo, inayobandikwa kwa sumaku. Akaibandika juu.

Mbele Mwita, Violet na Edna. Nyuma mimi, nimekaa chini ubavuni mwa ubao, mgongo unalalamika, na Bi Odessa kwenye kiti chake. Koti lile lile. Tulimchukua kwake, tukateremka kusini. Watu wanapunga mkono njiani, wengine wanapiga picha. Mmoja alipiga ishara ya msalaba halafu akapiga picha.

Daraja ni dogo. Zege jipya, reli za chuma, maji huwezi kuyaona kwa majani. Mwita akasimama kando. Bi Odessa akanyoosha mkono wake juu ya blanketi, kiganja juu. Akafunga vidole kidogo kidogo. Hapo tukageuza, kuelekea mjini.

Nikamwambia njia. Hakuna lugha ninayoijua vizuri ya kumwambia mtoto wa Maryland, nikatumia zangu zote. Lemuel, mwanangu, tunaondoka darajani. Taa ipo juu. Hapa ni barabara kubwa, magari mengi, usiogope. Bi Odessa akamuuliza Violet nasema nini. Violet akamwambia. Yule mama akafumba macho, midomo inayarudia maneno yake aliyofundishwa. Nilikuwa nayasikia. Anayajua yote.

Kioo cha upande wake kilikuwa na ukungu. Tulikuwa watu wazima wawili tunaovuta pumzi nyuma huku. Naandika nilichokiona tu.

Tukaingia Washington. Tukafika. Majumba ya vioo, chini yake duka la kahawa, watu na mbwa wao. Mwita akaegesha pasiporuhusiwa, akawasha taa za hatari. Akazima injini. Nje mtu mmoja alikuwa anakula keki huku anatutazama.

Nikamgusa Bi Odessa goti. Sasa, mwanangu. Namwita mwanangu, na tunakaribiana umri.

Akainama juu ya ule mto. Akafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ya mama mzee.

Violet akageuka kwenye kiti cha mbele, uso umemkauka, akaninong'oneza kwa Kiswahili. Kiswahili! "Bibi, anamwambia, karibu tunafika, Lem."

Tukangoja. Nikadhani ni mwanzo tu, mengine yanakuja.

Hakuyasema. Akanyoosha fimbo akagonga mgongo wa kiti cha dereva. Violet akasema, anasema twende.

Mwita akauliza twende wapi. Akaniangalia mimi kwenye kioo. Mimi ambaye nimewaambia mapadri ukweli wao, nimewaambia wakwe ukweli wao, nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni, mafupi, nimeyatunga mwenyewe. Ningeweza kumwambia mtoto. Nikautazama ule mkono. Vidole vimefunga kweli, vimekuwa vyeupe kwenye vifundo.

Nikanyamaza. Mungu anisamehe au asinisamehe. Nikanyamaza.

Mwita akawasha injini.

Tumeshatoka mjini tena. Simu ya Mwita inaita kwenye kiti, Edna kaitazama, kasema ni mtu wa Annandale. Ikaita hadi ikaisha. Inaita tena. Violet hafasiri kitu sasa, analia kimyakimya, Edna kamshika. Huku nyuma Bi Odessa anaongea bila kukata. Nasikia moja moja — shule, kanisa, farasi. Anamwonyesha njia. Anamwonyesha vitu ambavyo dirishani havipo.

Njia ya makaburini ilikuwa pale penye kibao cha kijani. Mwita kawasha indiketa ya kulia. Imelia tik, tik, tik. Kaniangalia.

Kaizima. Tumepita.